Waya Usiofika Ardhini

Jumatatu moja asubuhi, mwaka 1984, Kanze alikuwa akianika mashuka ya hoteli, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji, aliposhika waya wa kuanikia na mumewe Garama akamuuliza kama amekula. Kanze akajibu kwamba amekula muhogo na chai. Garama akasema ni vyema. Alikuwa amekufa tangu masika ya mwaka uliotangulia.

Waya huo ulifungwa ncha moja kwenye nguzo ya chuma ya banda la kufulia, ncha ya pili kwenye mti wa mvinje. Stima ilivuja kutoka kwenye mashine ya kufulia, ikapanda nguzoni, ikatambaa kwenye waya, na Garama alikuja nayo. Aliyeshika kwa mkono mkavu hakupata kitu. Aliyeshika kwa mkono uliolowa, naye yuko pekupeku, aliwashwa viganja kama kwa upupu, kisha akasikia. Kwa kuwa waya ulikuwa mrefu, ulidaka pia redio, kwa hiyo maneno ya Garama yalichanganyika na salamu za wasikilizaji na matangazo ya vifo. Kanze aliyachambua kama anavyochambua mchele. Easter, binti aliyefanya naye kazi, alipomwona ameegemea waya muda mrefu, alibeba karai lake akaenda kuanika upande mwingine.

Garama alikuwa mtu wa pampu katika hoteli hiyo, kusini kidogo ya mji wa Malindi. Alikutwa ameng'ang'ania bomba la pampu, na ilibidi stima izimwe ndipo mkono ukafunguka. Meneja alikwenda mazikoni kijijini Ganda na gunia la unga, akawaambia wazee kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa wa moyo. Wazee walishukuru. Kanze alimjua mumewe kuwa mtu wa kupanda minazi asubuhi na jioni bila kuhema, lakini hakuna aliyemuuliza.

Kwenye waya, Garama alimweleza. Kila jengo lenye stima hutakiwa kuwa na waya unaoshuka ardhini, ili stima inayovuja iende zake bila kupitia kwa mtu. Wa hoteli uliishia ukutani. Ulikatwa siku ya ujenzi na kupigwa lipu juu yake. Naye yuko vivyo hivyo. Jeneza lilishuka, yeye hakushuka. Pombe ya mnazi waliyomwaga kaburini aliisikia harufu kwa mbali, haikumfikia.

"Nimechoka kusimama, Kanze," alisema.

Kanze alimwomba avumilie kidogo.

Akaanza kufika kazini kabla ya wenzake. Alifua mashuka yaliyokwisha kutakata. Alimweleza Garama paa lilivyovuja, nani ameoa Magarini, na jinsi Mapenzi, binti yao, alivyong'oka meno ya mbele. Nyumbani Ganda hapakuwa na stima. Jioni alilowesha mikono, akaiweka kwenye chuma cha kitanda, akangoja. Chuma kilikuwa baridi tu.

Wageni walipolalamika kwamba mabomba ya bafuni yanawatekenya, meneja alimwita Dedan Thuku, fundi kutoka bara aliyekuwa na duka la kutengeneza redio mjini. Dedan alipita kwenye banda la kufulia, akauliza kama kuna anayesikia chochote akishika chuma. Kanze akasema hapana. Easter alimtazama Kanze, naye akasema hapana.

Mvua za vuli zilipoanza, mashine ilimtupa Easter chini. Aliokoka, ila kiganja kiliungua, na kwa muda hakuweza kulitaja jina la mamake. Kanze alikaa naye hospitalini mpaka alipolitaja. Kisha alikwenda dukani kwa Dedan akamwambia yote, pamoja na uwongo wake.

Dedan hakuacha kuchomea redio iliyokuwa mbele yake. Alisema kwao aliwahi kukuta jokofu lenye shangazi wa mtu.

"Lakini stima ikivuja mpaka ibebe sauti, mama, hiyo si kidogo. Itabeba na mtu mwingine."

Walikwenda kwa meneja. Meneja alivua viatu, akalowesha mkono, akashika waya. Garama alimwamkia, akamuulizia watoto, akamwambia ni ukuta upi. Meneja alisikiliza hadi mwisho. Alimpa Garama pole, akasema huu ni msimu wa watalii na kuta hazibomolewi. Akaagiza wanawake wa banda la kufulia wapewe ndara za mpira. Aliyezivaa hakuwashwa, wala hakumsikia Garama.

Dedan akasema anacho kipande cha bomba la shaba. Banda la kufulia angeweza kulifikisha ardhini bila kugusa ukuta. Vyumba na nyumba ya pampu asingeweza, funguo alikuwa nazo meneja. Akamuuliza Kanze kama aanze. Kanze akaomba wangoje Jumapili.

Jumapili Dedan aligongomea shaba chini ya nguzo, polepole, udongo ukipoa kadiri ilivyozidi kwenda chini. Kanze alisimama pekupeku, ameshika waya kwa mikono miwili.

"Ukishuka nitakusikia wapi?"

"Hutanisikia."

"Hata kidogo?"

"Ukinisikia, Kanze, ujue kuna mahali pamekatika tena."

Akaanza kumweleza kuhusu mbegu za mahindi alizoziacha darini, zipandwe upande gani wa shamba. Dedan akakaza skurubu. Garama hakufika mwisho wa maneno. Redio nayo ikanyamaza. Kanze aliendelea kushika waya mpaka mikono ikakauka.

Jioni hiyo, Ganda, alimwaga mnazi kaburini, na udongo ukaunywa papo hapo. Mahindi aliyapanda pande zote mbili.

Msimu ulipopamba moto, meneja aliajiri mtu mwingine wa pampu, kijana mwenye heshima aliyeitwa Lewa. Ndara hakupewa, zilikuwa za kufulia. Kanze alimfuata kwenye bustani.

"Bomba lile usilishike na mkono wa maji. Lina stima."

Lewa akauliza nani amemwambia.

"Mume wangu."

Lewa alimshukuru sana, akasema akifika nyumbani amsalimie mumewe. Kanze akasema salamu zitafika. Lewa akakunja suruali, akapita pekupeku kwenye nyasi zilizolowa, kwenda kuwafungulia wageni maji.