Seva Isiyopokea Salamu

Shoaib alikuwa mkali kwa adabu. Dereva wa lori akiingia ofisini kwake Shimanzi na kuanza shida zake kabla ya salamu, alirudishwa mlangoni aanze upya. Mwaka huo wa 1999 yeye ndiye aliyeitunza seva ya kampuni, yaani kompyuta inayotoa kurasa za mtandao, kila mstari wa programu yake ameuandika mwenyewe, na humo alijitengea ukurasa mmoja kwa siri. Ulikuwa wa bintiye, Sarrah.

Sarrah alikwenda kusoma Leeds kabla ya arobaini ya mamake, maana chuo kilikuwa kinafungua. Shoaib alimwambia, "Nenda basi, wala usinitazame tena," na baadaye akayajutia maneno yale. Kuomba radhi kwa simu alishindwa. Akaiandika radhi kwenye ukurasa, akampelekea anwani kwa kadi, na kila wiki akaongeza habari: nyumba ya Mji wa Kale imekuwa kubwa mno, chai bado anapika vikombe viwili, kimoja anakimwaga.

Jibu halikuja. Miezi mitatu alikula peke yake, akijiambia mtoto ana moyo wa jiwe.

Ndipo alipofungua daftari la seva, linaloandika kila anayekuja. Kumbe Sarrah alikuja kwenye ukurasa kila Ijumaa, majuma tisa. Kompyuta inayoomba ukurasa hujitambulisha kwanza: hutaja aina za kubana maandishi, ili yapite upesi, inazojua kuzifungua. Ile ya maktaba ya Leeds, kuukuu, haikutaja hata moja. Lakini Shoaib, kwa uchoyo wa gharama ya laini ya simu, alikuwa ameiamuru seva ibane kila kitu bila kusikiliza. Majuma tisa mwanawe alitazama herufi zisizosomeka. La kumi hakuja.

Siku hiyo hiyo aliirekebisha: sikiliza kwanza, asiyetaja kitu, mpe maneno wazi, yasiyobanwa. Akangoja Ijumaa mbili. Hakuja mtu. Ukurasa sasa ulikuwa sawa kabisa, na hauna msomaji, na upweke ulimuuma kuliko siku za matanga.

Ijumaa ya tatu alipiga simu bwenini. Wakaenda kumwita.

"Assalaamu alaikum, baba. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Mtu wa salamu ndefu hakuitika hata moja. "Nisamehe, mwanangu," alisema.

Laini ilinguruma.

"Nimesikia, baba," Sarrah alisema. "Sema tena."