Gauni la Saa Moja Asubuhi

Jumatano asubuhi Dada alizima pasi zake mbili, akafunika meza kwa shuka, akafunga mlango wa kibanda chake cha udobi na kwenda kwa fundi kuchagua mshono. Jumamosi angetimiza miaka hamsini. Mtaa mzima ulimwita Dada, hata wale waliomzidi umri, kwa sababu wadogo zake aliowalea walimwita hivyo kwa sauti kubwa kila walipohitaji kitu, na walikuwa watu wa kuhitaji vitu.

Sherehe haikuwa wazo lake. Mdogo wake wa mwisho, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, aliona kwenye simu picha za sherehe nyeusi: maputo meusi, keki nyeusi, wageni waliovaa nyeusi tii kuanzia kofia mpaka viatu. Dada angependa rangi ya chungwa. Kitinda alimweleza kwamba nyeusi haina mpinzani, inapunguza unene, inaficha umri, na hata mchuzi ukimmwagikia wakati wa kugawa chakula hautaonekana. Dada akauliza kwani atagawa chakula siku yake mwenyewe. Kitinda alicheka, akasema sasa nani mwingine anajua kugawa?

Kulikuwa na jambo ambalo Dada hakumwambia mtu. Ukutani kwa Kitinda zilitundikwa picha za familia za miaka yote, harusi na mahafali na ubatizo wa watoto, na yeye hakuwemo. Katika moja kilionekana kiwiko chake, na katika nyingine sinia lililokuwa mikononi mwake. Wala hakuna aliyemtoa kwa makusudi. Alikuwa tu mtu wa kutoonekana: kwenye foleni watu walisimama mbele yake bila ubaya wowote, na kama alikuwa amekaa, walitaka kumkalia. Jumamosi hii alitaka akae kiti cha katikati apigwe picha akiwa mzima, kichwa mpaka miguu. Alilitaka jambo hilo mpaka likamkosesha hamu ya kula.

Fundi alikuwa amekaa kwenye cherehani, chaki sikioni. Alimpa habari mbaya kabla hajaketi. Kitambaa cheusi kimekwisha, hapa na madukani, wageni wamekizoa chote. Imebaki bluu iliyokoza. Dada alisema akivaa bluu Kitinda atamtoa nje ya sherehe yake mwenyewe. Fundi akachungulia dirishani, akalitazama jua kama mtu anayetazama sufuria jikoni.

"Basi tushone cha kivuli," akasema.

Dada aliona ni sawa. Aliwahi kupiga pasi shela moja ya kivuli, ya bibi harusi wa zamani, na alikumbuka kwamba haikutaka moto mkali.

Nguo ya kivuli haichaguliwi kwenye kalenda ya mishono ukutani. Inachaguliwa kwa saa. Fundi alimfafanulia taratibu: kivuli cha adhuhuri kinatoa sketi fupi, nayo kwa kubana sana. Cha saa nne kinatoa gauni la kawaida la kwenda kazini. Ukitaka gauni refu lenye mkia wa kuburuza, ni saa moja asubuhi, jua likiwa bado linajinyoosha. Cha jioni nacho ni kirefu, lakini pembeni kina wekundu, na kwa sherehe nyeusi kitaleta maneno.

Kabla Dada hajajibu, simu ililia. Alikuwa mdogo wake wa pili, aliyeitwa Meneja hata nyumbani, kwa kuwa alikuwa meneja mahali na hakupenda watu wasahau. Meneja alisema amesikia habari za mshono na angeshauri mikono mirefu, shingo ya kufunga, kitu cha heshima, mama wa makamo asije akachekesha watu mbele ya wageni wake wa ofisini. Na kiwe kipana kidogo, akaongeza, ili aweze kuinama na sinia. Dada alisema amesikia. Kisha akamwambia fundi saa moja asubuhi.

Alhamisi walisimama uani kwa fundi, jua likichomoza nyuma ya bomba la maji. Fundi aliweka jiwe juu ya kichwa cha kivuli cha Dada ili kisipeperuke, akakata kwa mkasi mkubwa, akakikunja mara nne na kukipeleka ndani. Dada akamfuata akiwa mwepesi kidogo. Fundi alikitandaza mezani, akakipapasa kwa kiganja. Alikipindua. Akakirudisha.

"Dada, hiki kimeshakatwa," alisema.

Mgongoni palikuwa na tundu kubwa lenye kingo safi, na mikono yote miwili haikuwepo kuanzia begani. Kwa mtu wa kawaida lingekuwa tundu tu. Lakini wawili hao walikuwa wameishi na nguo maisha yao yote, na wote waliona kitu kimoja: kola, mabega, kiuno, mikono miwili mirefu. Aliyekata alikata koti la mwanamume.

Dada alilijua koti hilo. Nguo za familia nzima zilipita chini ya pasi yake, isipokuwa koti jeusi la Meneja, ambalo halikuwahi kujikunja, kupauka, wala kunuka jasho. Alilivaa siku ya usaili wake wa kwanza, akapata kazi, na tangu hapo hakuvaa jingine. Ukoo ulilitaja kwa fahari. Mwenyewe alisema alilinunua kwa jasho lake.

Basi akakumbuka. Alikuwa msichana, wiki ileile aliyotakiwa kwenda kusailiwa chuo cha uuguzi. Mama yao, sasa marehemu, alimwambia nguzo ya kamba ya kuanikia imeanguka, asimame uani aishike kamba juu kwa mikono miwili, uso kwenye jua, nguo zisiguse vumbi. Alisimama hivyo asubuhi nzima. Nyuma yake baba wa fundi huyu, naye pia fundi wa nguo, alikuwa akizungukazunguka na mkasi, na Dada alidhani mzee amekuja kutengeneza nguzo. Ijumaa alikwenda chuoni akakaa benchini na wenzake. Waliitwa wote, mmoja mmoja, mpaka karani akafunga mlango. Alipogonga, karani alimwomba radhi na kusema alidhani pale benchini hapakuwa na mtu.

Dada alikaa kwenye kiti cha wateja. Iliuma, na hakuona sababu ya kujifanya haikuuma. Fundi alimwacha akae. Alikwenda kuchota maji, akampa, kisha akapiga magoti na kufuatilia ukingo wa tundu kwa kidole mpaka chini kabisa kwenye unyayo.

"Baba hakufunga fundo," alisema.

Alimweleza desturi ya kazi yao. Kivuli kikiuzwa, uzi wake wa kisigino hukatwa na kufungwa fundo, na nguo inapata mwenyewe mpya. Kikiazimwa, uzi hauguswi, kwa kuwa kitarudi. Mama bila shaka alimwambia mzee ni kwa siku moja ya usaili wa Meneja tu. Uzi bado ulikuwapo, mwembamba kama utando, ukitoka kisiginoni kwa Dada, ukipita chini ya mlango na kuelekea upande wa mjini, ofisini kwa Meneja. Koti lilikuwa bado linamtii Dada.

Hapo na jambo jingine likaeleweka. Meneja alisifika ofisini kwa ishara moja: kila alipozungumza, mkono wake wa kulia ulikwenda mbele na kurudi nyuma juu ya meza, mbele na nyuma, taratibu, kwa uzito. Vijana wa kazi waliiga. Walisema ndiyo alama ya uongozi. Dada aliutazama mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umeshika pasi kwa miaka yote hiyo, akacheka peke yake kwa mara ya kwanza wiki ile.

Palibaki suala la mshono. Fundi alisema anaweza kuziba tundu kwa bitana ya pazia na kuunga mikono ya satini, likawa gauni la kufunika kama Meneja alivyotaka. Hakuna ambaye angejua.

"Usizibe," Dada alisema. "Mgongo wazi. Na mikono wazi."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka pale walipokata."

Fundi alipima kwa jicho, akasema basi ni mpaka kiunoni. Dada akasema kama ni kiunoni, kiunoni.

Jumamosi saa tisa ukumbi ulikuwa umejaa watu waliovaa nyeusi tii, kiasi kwamba waume walishika mikono ya wake wasio wao na kuomba radhi. Dada alipoingia, nyeusi zao zote ziligeuka kijivu. Gauni lake lilikuwa jeusi kama kina cha kisima, likambana kifuani, likamwachia nyongani, na mkia wake uliburuzika nyuma bila kuchafuka, kwa sababu kivuli hakishiki vumbi. Alipogeuka kumsalimia shangazi yake, watu waliuona mgongo, wa miaka hamsini, mpana, wenye nguvu za kazi, unang'aa kwa mafuta. Wageni waligeuza viti vyao upande wake. Mtu aliyesimama mbele yake akageuka, akamwona, akampisha. Dada alitembea katikati ya ukumbi mpaka kwenye kiti cha katikati, akakikalia chote.

Kitinda alimnong'oneza kwamba amependeza kupita kiasi, na je, amekumbuka vijiko vya kugawia? Dada akamwambia viko kabatini.

Meneja alisimama kutoa hotuba, akiwa ndani ya koti lake, mikrofoni mkononi. Alisema siku ya leo ni ya Dada, kisha akaeleza maisha yake mwenyewe. Alisimulia alivyotoka chini bila kubebwa na mtu, akashika kola na kusema koti hili mnaloliona alilinunua kijana asiye na kitu, kwa jasho lake. Ofisi yake ilipiga makofi. Jua la alasiri lilikuwa kali na koo likamkauka, akaangaza macho ukumbini.

"Dada, hebu tuletee maji huku," alisema, "wakati naendelea."

Dada alikuwa ameshainuka nusu. Magoti yalikuwa yamezoea, hayakungoja ruhusa. Alibaki hivyo kidogo, mkono mmoja kwenye kiti, na ukumbi ukamtazama. Aliona jinsi itakavyokuwa: atakwenda jikoni, picha zitapigwa, na ukutani kwa Kitinda patatundikwa keki. Akaketi. Kisha akainua mikono yote miwili juu, polepole, kama mtu anayeshika kamba ya nguo.

Mikono ya Meneja ikapanda juu. Mikrofoni ikaenda nayo, na kwa muda alisikika akiongea mbali, chini, kama mtu aliye chumba cha pili. Wageni wa ofisini waliitazama ishara hiyo mpya, wakaona ni ya uongozi, nao wakainua mikono. Ukumbi mzima ukawa mikono juu. Mpiga muziki alielewa kwa namna yake, akafungulia muziki.

Dada akainuka, safari hii kwa ajili yake. Alicheza. Alipeleka bega la kulia, na bega la Meneja likaenda. Alizungusha mikono, na Meneja akazungusha, tai ikimpiga usoni, akisema samahani kwa kila aliyemgonga. Alikuwa hajawahi kucheza hata harusini kwake, na watu walikubaliana kwamba ana kipaji. Shangazi alikuja karibu na fimbo yake, akautazama mgongo wa Dada, akalitazama koti, akaona linavyotosha kwenye mgongo ule sentimita kwa sentimita.

"Wahenga walishamaliza," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

Akapiga vigelegele, na wanawake wakampokea. Dada aliwasikia wote na alijaa furaha mpaka machozi yakamlengalenga.

Maji yaliletwa na Kitinda, akayamwaga kidogo kwenye nguo yake, na kweli hayakuonekana. Picha ilipigwa. Dada yuko katikati, mzima, kichwa mpaka miguu, mkia wa gauni umetandazwa mbele kwa mikono ya wapwa. Meneja yuko pembeni, kimeingia kiwiko chake tu.

Watu walipoanza kuaga, Dada alimsogelea Meneja, akamshika ukosi taratibu. Koti lilikuwa la baridi, kama sakafu ya nyumbani kwao.

"Koti langu, mdogo wangu."

Meneja hakubisha. Alikiri kwamba Mama aliwahi kumdokeza. Akasema ni jambo la kuzungumza, tena wakae kama familia, lakini si leo, na si Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ana kikao kikubwa na hana koti jingine. Akambusu shavuni, akamtakia maisha marefu, akaondoka nalo.

Jumatatu alilivaa. Kikao kilikuwa kimefika kwenye ajenda ya tatu, na mkono wake ulikuwa ukienda mbele na kurudi nyuma juu ya meza, taratibu, kwa uzito. Huku kibandani nguo za watu zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani. Nyuma ya mlango lilining'inia gauni, na juu ya meza ilisimama ile picha. Dada aliitazama. Akazima pasi kabla ya wakati, akavuta kiti, akakaa, akaegemea, na kuweka mikono miwili nyuma ya kichwa.

Katika chumba cha mikutano Meneja aliegemea, akaweka mikono miwili nyuma ya kichwa. Vijana wa kazi walimtazama kwa makini, kisha mmoja baada ya mwingine nao wakaegemea. Wakakaa hivyo wote, kimya, kwa muda wote ambao Dada alikuwa anapumzika.