Mwendo wa Kurudi

Asubuhi ile Cheche alilizunguka gari lake mpaka mjomba wake akamwambia aache, atalitia kizunguzungu.

Angetuliaje? Gari lile alilichukua likiwa mzoga wa gari la mikate, limetupwa nyuma ya karakana anakochomelea vyuma, panya wamehamia na familia zao. Mwaka mzima, kila akimaliza kazi za watu, alikuwa anakata, anaunga, anapiga rangi. Sasa lilikuwa nyumba kamili: vitanda viwili vya kukunja, jiko la gesi, sinki, tangi la maji juu ya paa. Hata mapazia yalikuwapo. Mama yake aliyashona huku akinung'unika kwamba mtoto aliyekataa kukaa darasani sasa hata nyumba yake haitaki kukaa mahali pamoja.

Na leo nyumba inaondoka. Walikuwa wanajiunga na msafara wa magari-nyumba, hifadhi moja ya wanyama baada ya nyingine, na mbele yao kiongozi anayeijua njia. Cheche hakuwahi kufika mbali kuliko duka la vipuri. Tembo alimjua wa kwenye boksi la kiberiti tu.

Tatizo lilikuwa usukani. Leseni walishamnyima mara mbili, wakisema anaendesha kama mtu anayefukuzwa. Ndiyo maana akamwangukia mjomba, kaka wa mama yake, dereva mstaafu mwenye leseni safi. Mjomba aliendesha gari moja tu maisha yake yote. Lile jeusi, la kupeleka watu makaburini.

Kiongozi wa safari alikuwa mwanamke mwenye kofia pana na sauti ya kuamsha mtaa. Wote walimwita Mama Msafara. Aliwakusanya madereva kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, akawagawia redio za mkononi, zile za kubonyeza ndipo useme.

"Sheria ni moja," alisema. "Kila mtu amtunze aliye nyuma yake. Ukitazama kioo usimwone, unasimama. Na lango la hifadhi linafungwa jua likizama. Atakayelikuta limefungwa, safari yake imeishia hapo hapo. Sisi kesho tunatokea upande wa pili, hatutarudi kumbembeleza mtu. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, mama," wakaitikia kama darasa.

Cheche na mjomba walipangwa kabla ya gari la mwisho. La mwisho lilikuwa la Mkunga, bibi mmoja mchangamfu aliyestaafu kuzalisha, pamoja na mumewe aliyekuwa kinyozi. Mkunga aliposikia kazi ya mjomba alicheka mpaka akashika mlango.

"Kumbe tumefanya kampuni moja, kaka. Mimi mapokezi, wewe kusindikiza."

"Na mimi katikati nanyoa," mumewe akadakia.

Mama Msafara akapiga honi. Injini zikawaka.

Basi wakatoka. Na hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Mjomba aliwasha taa kubwa, mchana kweupe. Akawasha na indiketa zote mbili. Akakaa wima, mikono juu ya usukani, uso umekaza, akaanza kwenda. Kwenda ni neno kubwa. Alikuwa anajikokota. Baiskeli ikawapita. Cheche akaona mzee mmoja kando ya barabara amevua kofia na kuinamisha kichwa. Gari lililokuwa linakuja mbele likaegesha pembeni kwa heshima zote.

"Mjomba."

"Naam."

"Wanadhani tumebeba maiti."

"Waache wadhani. Heshima haiumizi mtu."

Redio ikakoroma. "Gari la mikate, mko wapi? Siwaoni."

"Tunakuja, mama," Cheche akajibu huku akitamani ardhi immeze. Nyuma yao Kinyozi naye akabonyeza redio yake, akatangaza kwamba ameona ndege mwenye mkia mwekundu. Yule hakuwa na haraka yoyote. Tangu watoke alikuwa anatangaza kila kinachopita: ndege, mbuzi, wingu linalofanana na shemeji yake.

Kwenye mapumziko ya mchana, wenzao walikuwa wameshakula na kukunja viti. Mama Msafara alikuja dirishani, akaweka kiwiko.

"Kijana, gari lako zuri. Lakini kwa mwendo huu mtaliona lango kwa nje. Nimesema mapema ili tusije tukanuniana."

Alipoondoka, Cheche alipasuka. "Mjomba, ongeza mwendo. Mwaka mzima nimechomea hili bati mpaka nyusi zimeungua. Sikuja kulitazama geti."

"Mpwa wangu, mguu haukubali," mjomba alisema, na kweli alikuwa na haya usoni. "Huko nilikokuwa napeleka watu, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kanyaga mafuta."

Cheche alitaka kutukana, akakuta anacheka. Halafu wazo likamjia.

"Na kurudi je?"

"Kurudi wapi?"

"Ukishamaliza makaburini. Gari tupu, uko peke yako. Ulikuwa unarudije?"

Mjomba akatazama pembeni, kama mtoto aliyeulizwa nani kala sukari. "Kurudi ni habari nyingine," alisema taratibu. "Kurudi nilikuwa nazima taa, nafungua vioo, nafungulia muziki. Tena naimba. Kurudi, mpwa wangu, nilikuwa napepea."

"Basi tunarudi," Cheche akasema. Akanyoosha mkono, akazima taa kubwa, akazima indiketa, akashusha vioo vyote na kufungulia muziki mpaka vikombe vikacheza kabatini. "Tumeshamzika, mjomba. Twende nyumbani."

Kichwa cha mjomba kikaanza kuitika muziki, mabega yakalegea, mguu ukashuka. Lile gari la mikate likaunguruma kama limekanyagwa mkia. Upepo ukaingia, mapazia ya mama yakapepea nje kama bendera, na mjomba akaanza kuimba kwa sauti mbaya kuliko zote duniani. Walikula kona, wakapanda vilima, wakashuka. Mashamba yakaisha, nyumba zikaisha, majani yakawa marefu ya rangi ya dhahabu. Cheche alitoa kichwa dirishani akapiga mluzi. Kwa mbali akaliona gari la nne la msafara, lililokuwa mbele yao, kisha la tatu. Wamewafikia.

"Gari la mikate," redio ikasema, "mmekula nini?"

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipopanda kilima cha mwisho, na lango likaonekana kule chini: nguzo mbili za mawe, chuma kirefu katikati, na nyuma yake misitu na milima mpaka macho yachoke. Magari ya mbele yalikuwa yanaingia moja moja. Cheche alishika dashibodi kwa mikono miwili.

Mjomba akaacha kuimba. Akatazama kioo. Akatazama tena.

"Simwoni Mkunga."

"Anakuja."

"Na yule mumewe amenyamaza muda mrefu. Yule mtu hanyamazi."

Cheche akabonyeza redio, akawaita. Kimya. Akaita tena. Mjomba alikuwa ameshaegesha pembeni.

"Mjomba, geti lile pale. Lile pale, unaliona? Tuingie, tukawaambie askari wa hifadhi wawafuate."

"Ukitazama kioo usimwone, unasimama. Si tuliitikia wote?" Mjomba akaondoa mikono kwenye usukani. "Mimi sijawahi kumwacha mtu njiani, hata wale wasioweza kulalamika. Lakini gari ni lako. Jasho ni lako. Sema wewe."

Cheche akashuka. Akalitazama lango, akalitazama jua. Akapiga teke tairi, akaumia kidole, akapanda tena.

"Geuza," alisema. "Geuza haraka kabla sijabadili mawazo."

Waliwakuta nyuma ya kilima cha pili, tairi limepasuka. Redio yao ilikuwa imekufa betri. Ndege wote wale wameimaliza. Kinyozi alikuwa amesimama juu ya spana anarukaruka, nati haisogei, na Mkunga anamwamuru, "Sukuma. Pumua. Sukuma."

Cheche hakusalimia. Alichomoa bomba la chuma kutoka kwenye vifaa vyake, akalivika kwenye mpini wa spana ili urefuke, wakaning'inia watatu kwa pamoja mpaka nati ikalia na kulegea. Zilizobaki zikafuata. Tairi jipya likaingia, jeki ikatupwa ndani bila kukunjwa.

"Mkae nyuma yangu," mjomba aliwaambia, "na muende kama mnarudi nyumbani."

"Kwani tunarudi?" Kinyozi akauliza, lakini mjomba alishaondoka.

Jua likawa kipande. Likawa ukucha. Walipofika juu ya kilima lilikuwa limeshazama, na Cheche akafumba macho. Hakutaka kuona.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "fumbua."

Lango lilikuwa wazi. Katikati yake, mkia nje na pua ndani, limesimama gari la Mama Msafara, aliyewaacha wengine waingie kwanza, boneti juu. Mwenyewe ameshika kiuno, anabishana na askari wa lango.

"Nifanyeje sasa? Injini imegoma. Unataka nilibebe kichwani?"

"Mama, nasikia inanguruma."

"Hiyo ndiyo inavyogoma."

Cheche akaruka chini, akakimbia mpaka kwenye boneti. "Nikutazamie, mama?"

"Ukigusa gari langu nakurudisha kwenu kwa miguu," alimjibu kwa sauti ya chini, kisha akafunga boneti kwa kishindo. "Ajabu. Imepona." Akamwona Mkunga akisogea nyuma ya gari la mikate, akahesabu kwa macho, akashusha pumzi. "Haya, ingieni. Kesho gari la mikate linakaa la mwisho. Nimempata wa kunilindia mkia."

Wakaingia. Chuma cha lango kikashuka nyuma yao. Njia ikawa ya vumbi laini, hewa imebadilika, inanuka majani na kitu kingine ambacho Cheche hakukijua. Mjomba akazima muziki mwenyewe, bila kuambiwa.

Kwenye kona ya kwanza akakanyaga breki. Mbele yao, karibu kiasi cha kuhesabu mikunjo ya ngozi, tembo walikuwa wanavuka, wakubwa kwa wadogo, wala hawakuwajali. Mmoja akageuza sikio, kubwa kama mlango wa karakana.

Cheche akabonyeza redio amwambie kila mtu. Mdomo ukafunguka, maneno yakagoma. Msafara mzima ulisikia anavyohema tu.