Mkebe wa Chini ya Kitanda

Kila asubuhi, kabla ya kugusa jani lolote, Nabalayo alilizunguka shamba lote mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuhamia. Shamba lilikuwa kule mtaa wa Raila, pale nyumba za mabati zinapokwisha na ardhi kuanza kuteremka kuelekea mtoni. Marehemu mumewe, Wakoli, ndiye aliyelifungua. Alichimbua plastiki na matambara yaliyooza kwa miaka miwili ndipo akaufikia udongo. Sasa lilikuwa na hatua arobaini kwa ishirini. Juu kulikuwa na sukuma wiki na managu, katikati kunde na mrenda, na chini, penye unyevu, mistari sita ya saga, ile mboga ya majani machungu.

Shamba hilo lililisha nyumba tatu. Jumatatu na Alhamisi zilikuwa siku za Shiundu, mwanawe, fundi wa mbao huko Kawangware 46. Jumanne na Ijumaa zilikuwa za Annet, bintiye aliyekaa Kabiro. Siku zilizobaki mama alichuma mwenyewe, akafunga mafungu ya kuuza kando ya reli. Hakuna aliyechuma siku ya mwenzake, na kila aliyechuma alipalilia kwanza.

Palikuwa na sheria moja zaidi. Mmea wa kwanza wa kila mstari haukuchumwa. Mama aliufunga kipande cha leso kuukuu, ukaachwa urefuke, uchanue, maganda yakauke yenyewe. Mbegu zake, ndogo na nyeusi kama vumbi la makaa, alizichanganya na majivu ili wadudu wasizikaribie, akazitia katika mkebe wa bati chini ya kitanda.

Saga yake haikuwa kama ya watu wengine. Shina lake lilikuwa la zambarau. Mbegu alifungiwa na mama yake kwenye pindo la leso siku aliyotoka Kimilili kuja kuanza maisha na Wakoli. Mama huyo alishafariki, na shamba la kule liliuzwa na wajomba. Kwa hiyo, msimu ulipokwisha na mimea mipya haijaota, zambarau yote ya ukoo ule, kwa kadiri watoto wake walivyojua, ilikuwa imo ndani ya mkebe mmoja. Annet aliyajua haya tangu utotoni. Ndiyo maana baadaye hakuweza kujitetea kwamba hakujua.

Mwezi wa kwanza Nabalayo alilazwa kwa homa ya mapafu. Alipotolewa hospitalini, watoto waliamua akae kwa Annet hadi apate nguvu, na Annet akaenda Raila kumfungia vitu. Alikuwa mtu wa mpango. Alikunja nguo kwa aina zake, akaosha vyombo, akafagia. Mikebe ya majivu ilikuwa miwili, yote ya mafuta ya kupikia, yote imeota kutu ukingoni. Mmoja ulikuwa jikoni, una majivu ya maganda ya maharagwe, yale ya kutengenezea munyu wa kulainishia mboga. Wa pili ulikuwa chini ya kitanda, umefungwa kwa kipande cha leso. Annet alikuwa anatafuta kamba ya kufungia blanketi na hakuiona. Akakifungua kile kitambaa, akafungia blanketi. Alipofika Kabiro aliifuta mikebe yote miwili vumbi, akaipanga juu ya kabati, bega kwa bega. Ilipendeza.

Kwa siku nne mama alikunywa uji tu. Siku ya tano alisema, sauti yake ikitoka nyuma ya pazia:

"Annet, nipikie mrenda na kunde. Na munyu. Usinitilie hiyo magadi yenu ya dukani."

Annet alifurahi mpaka akasahau kuvaa viatu vizuri. Alitembea hadi Raila, akachuma, akarudi kabla jua halijawa kali. Alichukua kopo lililotobolewa chini, akaliweka juu ya bakuli. Akanyanyua mkebe wa kwanza, ukawa mwepesi. Akanyanyua wa pili, ukawa mzito kidogo. Akaumimina huo wa pili wote kwenye kopo, akaongeza maji polepole, na munyu ukaanza kudondoka, rangi yake kama chai ya rangi. Akazidisha maji mara mbili, kama alivyofundishwa. Majivu yaliyolowa akayatupa kwenye mtaro ulio mbele ya mlango.

Mama alikula hadi akafuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Kuna uchungu kwa mbali," alisema, akijilamba kidole. "Lakini mzuri. Umenirudisha duniani, mwanangu."

Mvua ya kwanza ilikuja katikati ya mwezi wa tatu. Mama aliketi kitandani akasikiliza mabati.

"Leta mkebe wangu. Nataka nichekeche mbegu."

Annet alinyoosha mkono kabatini. Mkebe mmoja ulikuwa mtupu, ndani umeoshwa. Wa pili ulikuwa na majivu yenye vipande vipande vya maganda ya maharagwe ambavyo havikuungua vizuri. Alitia vidole, akakoroga hadi chini. Akatoka nje. Mtaro ulikuwa unakwenda kwa kasi, maji meusi yamebeba kiatu cha mtoto na maganda ya ndizi.

"Umeuona?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Nimeuona, Mama."

Neno lilitoka lenyewe. Kisha likahitaji la kulisaidia.

"Kuna baridi, usijisumbue. Nitapanda mimi kesho."

"Basi usizifukie sana. Kwaruza tu udongo, uzipitishie mkono."

Kesho yake Annet alinunua mbegu za saga dukani, pakiti mbili zenye picha ya majani. Alizichanganya na majivu, akazitia kwenye ule mkebe mtupu, akautafuta ule ukanda wa leso kwenye blanketi, akaufunga. Hata peke yake pale shambani aliufungua kama vile ulikuwa mkebe wa kweli. Alipanda mistari sita, akitumia uzi na vijiti ili isipinde. Nthenya, jirani aliyelima kipande cha pembeni, alikuja akasimama akiegemea jembe, akamwita Annet kwa jina la mtoto wake.

"Mama Mitchelle! Leo unapanda saga au unajenga barabara?"

"Mama akija asipate la kusema."

"Huyo atapata tu. Mimi ananiambia hata magugu yangu hayajui kuota."

Wakacheka. Annet alikumbuka kicheko hicho siku nyingi, jinsi kilivyotoka kwa urahisi. Jumapili, kanisani, walipomuuliza hali ya mama, alitangaza kwamba amekwisha kupanda mbegu ya kukhu, bibi yake.

Majuma manne baadaye Shiundu alipiga simu. "Dada, hii saga umeifanyia nini? Watoto wanakula bila vita. Ile ya mama walikuwa wanaificha chini ya ugali."

"Kula unyamaze," Annet alimwambia.

Jumamosi iliyofuata mama alikuwa na nguvu za kutosha kwenda Raila. Alizunguka shamba, mikono nyuma. Alipita sukuma wiki, akapita kunde. Kwenye saga alisimama. Aliinama, akashika shina moja kati ya vidole viwili, akaliinua kidogo lipate mwanga. Lilikuwa la kijani kutoka chini hadi juu. Akashika la mstari wa pili. Akashika la tatu.

"Imeota vizuri," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Na mistari imenyooka."

Annet aliendelea kupalilia mahali ambapo alikwisha kupalilia. Mama hakuondoka. Alisimama pale muda mrefu, akitazama mtoni, kama mtu aliyemwona mgeni kwa mbali na anamngoja afike. Annet akasema, bila kuinua kichwa, "Labda ni udongo wa mwaka huu."

"Labda," mama akajibu, akaenda kuchuma managu.

Hawakulizungumza tena. Mama alirudi nyumbani kwake Raila, na Annet akaendelea na siku zake. Kila alipofika, aliazimia kusema akimaliza kupalilia. Akimaliza kupalilia, alisema moyoni kwamba ni afadhali akimaliza kuchuma. Zikapita wiki tatu. Mwishowe alisema siku ya Ijumaa, wakifunga mafungu, mikono yote miwili imeshika saga, na alisema yote kwa pumzi moja: mkebe, kitambaa, mrenda, mtaro, pakiti.

Mama alimaliza kufunga fungu lake.

"Najua," alisema. "Nilijua nilipoona shina."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza. Nilisimama hapo hadi miguu ikauma. Ulifikiri nilikuwa naangalia nini?"

Annet alifungua fungu lake, akalifunga upya.

"Nelima alikuwa nayo ile ya zambarau," mama aliendelea, taratibu, bila kupandisha sauti. "Nelima wetu wa kanisa, wa hapo 46. Nilimpa mbegu alipofiwa, apate cha kushika mikono. Alikuwa ameipanda kwenye magunia matatu ya udongo nyuma ya nyumba. Siku ile ungesema, tungekwenda kuomba siku hiyo hiyo."

"Si ungekwenda tu, Mama!"

"Nikamwambie nini? Wewe ulikwisha kutangaza kanisani kwamba umepanda mbegu ya kukhu. Nikienda kuomba, nimekuita mwongo mbele yake. Nikasema ningoje, utakuja mwenyewe." Aliokota jani lililoanguka, akalirudisha kwenye fungu. "Na mimi nilingoja sana. Hilo ni langu."

Annet aliacha mafungu pale pale. Alifika 46 akihema, akampitia Shiundu kwenye karakana, naye akaja nyuma yake na vumbi la mbao nywelani. Ploti aliyopanga Nelima ilikuwa imezungushiwa mabati mapya. Ndani kulikuwa na rundo la kokoto na vijana wakichanganya saruji.

"Mwenye ploti anajenga gorofa," Shiundu alisema. "Wapangaji walitoka wiki jana. Ulikuwa unamtafutia nini?"

Alimweleza. Kaka yake, ambaye hakukosa mzaha hata matangani, alivua kofia akaivaa tena. Kisha akatafuta namba, akampa simu.

Nelima alipokea akiwa Bungoma, kuku wakisikika nyuma yake. Alifurahi, akauliza hali ya mama, akauliza watoto mmoja mmoja. Annet alipotaja saga, alicheka.

"Ai, mwanangu, hiyo niliing'oa yote siku ya kuondoka. Nilipika sufuria kubwa, nikalisha ploti nzima. Walikula, wee!"

"Mbegu hukubeba?"

"Ya nini kubeba? Nilijua mama yako anayo."

Annet alirudi Raila kwa miguu. Mama alikuwa bado pale, mafungu yamekwisha, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakuuliza. Pengine aliona jinsi Annet alivyotembea. Alitoa mfukoni vipande sita vya leso, akamnyooshea.

"Funga."

"Hizi za dukani, Mama?"

"Ziko kwenye shamba la nani?"

Annet alipita mstari hadi mstari, akipiga goti mbele ya mmea wa kwanza, akifunga kitambaa kwenye shina la kijani. Fundo la tatu lilifunguka, akalirudia. Mama alimtazama hadi la sita, ndipo akainuka na kubeba ndoo yake.

Mkebe sasa uko chini ya kitanda cha Annet, umefungwa. Shamba bado linalisha nyumba tatu, na watoto wa Shiundu hawafichi mboga tena. Mama amepona kabisa, anakula kila kitu, na Ijumaa nyingine humwagiza Annet ampikie hiki au kile. Mrenda wa munyu hajamwagiza tena. Annet hupalilia, huchuma, hungoja amwagize.