Gololi Iliyovuka Majani

Asubuhi ya siku ya kura, Ambrose Tuckwell alikaa jikoni na soksi zake, akimsubiri mkewe Hester amalize kumpakia viatu dawa. Nje manyunyu, mkate wa kuchoma ulishapoa. Hester akakigeuza kiatu cha kushoto, akakitazama kisigino. Kimelika upande mmoja kama kipande cha sabuni.

"Fundi kasema hiki hakitengenezeki tena," Hester akasema. "Kaniuliza, mama, huyo mumeo anazunguka nini huko, kinu?"

"Ungemwambia anazunguka majani."

"Nimemwambia. Kacheka, nusura ameze msumari."

Na kweli alikuwa anazunguka majani. Chuo cha Wexcombe, huko Uingereza, kimejengwa kwa mawe pande zote nne, na katikati kuna uwanja wa majani mabichi, laini kama manyoya ya paka. Majani yale wanaoruhusiwa kuyakanyaga ni wazee wa chuo peke yao, yaani wale walimu wakubwa wanaokula kwenye meza iliyoinuliwa. Wengine wote, mpishi, mwanafunzi, hata tarishi wa mfalme, wanazunguka pembeni kwenye mawe. Na Ambrose, ambaye ndiye msajili, ambaye chuo kizima kilikaa mgongoni kwake, naye anazunguka.

Alianza kuzunguka akiwa kijana wa kukoroga wino. Akapanda akawa karani, akapanda akawa msajili, anazunguka tu. Yeye ndiye aliyejua chumba gani kinavuja, na mwanafunzi gani kafiwa na baba asisumbuliwe. Ilipokuja ile vita kubwa na Wajerumani, akawaandikia mama za vijana mmoja mmoja kwa mkono wake, na wala hakutumwa. Vita ilipoisha, baadhi ya vijana waliokufa walirudi wakitaka kumaliza mitihani yao. Wazee wakakuna vichwa. Ambrose akawatafutia viti karibu na dirisha, mbali na jiko la makaa, maana joto lilikuwa linawasumbua. Wengi walifaulu.

Sasa, kuna huyu Gilbert Penhallow. Gilbert aliingia chuoni mwaka uleule alioanza Ambrose, yeye mwanafunzi, Ambrose kijana wa wino. Alikuwa mtu wa kilabuni. Geti likifungwa yeye yuko nje, anagonga dirisha la chumba cha wino, Ambrose anamvuta ndani kwa kwapa kama gunia la viazi. Wakawa marafiki hasa. Gilbert akawa mwalimu, akawa mzee wa chuo, mwisho akawa mkuu wa chuo. Hotuba zake zote ziliandikwa na Ambrose. Za kwake yeye zilikuwa zile kohoa kohoa za katikati.

Na Gilbert alimuahidi. Si mara moja. "Ambrose, siku utakayostaafu tutakufanya mzee wa chuo. Tutavuka majani pamoja, mimi na wewe, mkono kwa mkono, na mlinzi wa geti atuvulie kofia."

Ahadi hiyo ilikuwa na uzito wake, maana nyumba ya getini waliyokaa Ambrose na Hester ilikuwa nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, unatoka. Lakini mzee wa chuo ana chumba chake juu ya tao la lango, na mkewe, mpaka kufa. Hester alishachagua hata pazia.

"Vaa," Hester akasema, akimpa viatu. "Na leo urudi umekatiza katikati. Nitakuwa dirishani nakuona."

Kura ya pale haipigwi kwa kunyoosha mikono. Kuna sanduku la mti lenye mkono wa ngozi kama wa koti. Mzee anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anaachia gololi. Nyeupe, namtaka. Nyeusi, simtaki. Gololi zenyewe za mti, kubwa kama ndimu. Na nyeusi moja tu inatosha kukukatalia. Sanduku linabebwa na msajili. Hata akipigiwa kura msajili mwenyewe, linabebwa na msajili, ndiyo mila.

Basi Ambrose akapita nalo mezani, mtu kwa mtu, kichwa chini kidogo kama inavyotakiwa. Dokta Fenn, mzee kiziwi kuliko wote, akampigapiga kifuani. "Umechelewa kuja kwetu, kijana wangu!" Mwishoni mwa meza alikaa marehemu askofu aliyejenga chuo, maana siku za Ijumaa hushuka kunywa uji. Marehemu hapigi kura, Ambrose akampita kwa heshima. Akafika kwa Gilbert. Gilbert akamkonyeza, akaingiza mkono wa kulia, na kwa ule wa kushoto akalishika bega la Ambrose, akalibinya. Ambrose alilisikia lile bega lina joto mpaka anafika mbele.

Akafungua sanduku, akazitoa gololi moja moja kwenye sinia. Nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyeupe tupu, na chini kabisa, nyeusi moja.

Kusoma matokeo nako ni kazi ya msajili. "Mheshimiwa mkuu," Ambrose akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Bwana Ambrose Tuckwell amekataliwa."

"Masikitiko makubwa," Gilbert akasema, akakohoa.

Hapo ile gololi nyeusi ikajitikisa kwenye sinia, ikapanda ukingo, ikaanguka chini, tok. Ikabiringika taratibu chini ya meza. Ikapita miguu ya viti, ikasimama kwenye kiatu cha Dokta Fenn kama inanusa, ikaendelea. Ikafika kwenye kiatu cha Gilbert, ikaegemea. Gilbert akasogeza mguu. Nayo ikasogea. Akasogeza tena. Ikasogea tena, kama kitoto cha bata kwa mama yake.

"Nani kaangusha ndimu?" Dokta Fenn akauliza.

"Si ndimu. Ni gololi ya mkuu," jirani yake akamwambia sikioni.

"Ahaa." Fenn akageukia mwisho wa meza. "Baba askofu, sasa tunafanyaje? Tupige upya?"

Askofu akaweka kijiko chini. "Kanuni niliitunga mimi. Gololi nyeusi haiulizwi imetoka wapi."

"Lakini hatukuiuliza, baba. Imejiendea yenyewe."

"Basi vizuri. Hakuna aliyevunja kanuni." Akaomba asogezewe sukari.

Wazee wakainuka, kila mmoja akakumbuka ana darasa. Ambrose akafuta sanduku vumbi, akalirudisha kabatini, akatoka. Gilbert alikuwa nje akimsubiri, kasimama juu ya majani, gololi kisiginoni. Ambrose akasimama kwenye mawe. Kati yao hatua moja.

"Usinitazame hivyo, ndugu yangu," Gilbert akasema.

"Nakutazama kawaida."

"Ndiyo ubaya wako. Siku zote unanitazama kawaida." Akachezea tai yake. "Wale wote ndani wananijua mimi ni mkuu. Wewe unanijua wa dirishani. Ukae pale mezani, kila nikifungua mdomo nikuone wewe, na maneno yenyewe yako?"

"Nisingesema neno, Gilbert. Nimewahi kusema?"

"Hujawahi." Gilbert akainama, akaangalia majani. "Halafu fikiria, Ambrose. Ukivuka na wewe, mimi nitakuwa nimepanda wapi?"

Ambrose alitafuta la kujibu, akakuta kila neno zuri alilokuwa nalo alishampa mwenzie kwenye hotuba. "Viatu vyako vitalowa, mheshimiwa," akasema. Akageukia kushoto, akazunguka.

Hester dirishani alimwona anakuja kwa pembeni. Akashusha kitambaa cha pazia alichokuwa anakipima.

"Nani?"

"Gilbert."

"Na ile mikate yangu aliyokula!" Akakaa. "Umemwambia nini?"

"Kwamba majani yana maji."

"Mungu wangu. Miaka yote ile, na neno lako ndilo hilo."

Wakahama mwisho wa muhula, wakapanga vyumba viwili juu ya yule fundi viatu. Fundi alimpokea Ambrose vizuri. "Karibu, bwana kinu," akamwambia. Usiku mkono wa Hester ulikuwa unagusa ukuta, chumba kilivyokuwa kidogo. Pazia lile halikutosha dirisha lolote, akalifanya foronya.

Kiangazi, siku moja ya mvua, Gilbert akaja kugonga. Gololi nyuma yake imeingia tope.

"Nasafiri kwenda Italia," akasema. "Hii inaogopa meli. Nimejaribu kuifungia kabatini, inalia. Nikasema, Ambrose ndiye mtu wa kuaminika. Na yule msajili mpya hajui kitu, ungekuwa unapita asubuhi unamuelekeza. Na ile hotuba ya kufungua mwaka..."

"Mwambie aimeze hiyo gololi!" Hester akapiga kelele kutoka ndani. "Aimeze na maji ya moto!"

Ambrose alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Gololi ilikuwa inatetemeka kwa baridi ya mvua, nayo haikuomba kuzaliwa nyeusi. Akainama, akaifuta tope kwa leso yake.

"Hotuba unaitaka ndefu au fupi?" akauliza.

Tangu hapo kila asubuhi anaingia lango la Wexcombe na gololi nyuma. Mlinzi wa geti anamwambia, "Habari za asubuhi, Bwana Tuckwell," kofia yake iko palepale kichwani. Wakifika uwanjani, Ambrose anageukia kushoto, kwenye mawe. Gololi inanyoosha katikati ya majani. Mlinzi anaiona na hasemi kitu, maana ile ni ya mzee wa chuo, inaruhusiwa.

Inafika kwanza kila siku. Inasimama upande wa pili, inamngoja amalize kuzunguka.