Baada ya Betri

"Gari liko wapi sasa hivi?" Kishindo aliuliza.

Lilikuwa swali jepesi, la kujibiwa hata na mtoto wa chekechea, lakini namna fundi alivyoliuliza ilimfanya Mwalimu ainuke kwenye kiti cha plastiki bila kujua kwa nini ameinuka. Dakika moja kabla ya hapo walikuwa wanacheka. Mwalimu alifika kibandani kwa fundi saa tisa alasiri, kifua mbele, kuja kutangaza kwamba amefunga sabufa kwenye gari lake kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba inapiga. Kishindo akampa mkono, akamwita fundi mwenzangu, kisha akauliza kwa mazoea tu, "Na fyuzi umeweka ya ngapi?"

"Fyuzi bado," Mwalimu akajibu. "Si ulisema baada ya betri? Betri mpya nitanunua mwezi ujao. Fyuzi ninayo hapa mfukoni, hata kwenye pakiti haijatoka."

Hapo ndipo kicheko kilipomkauka fundi mdomoni, akauliza lile swali lake.

"Amelichukua mke wangu," Mwalimu akasema. "Anampeleka mjukuu kwa mama yake. Wameondoka muda si mrefu."

Kishindo akaokota kipande cha waya juu ya meza iliyojaa redio zilizofumuliwa matumbo. "Tazama, Mwalimu. Hapa ni betri." Akagusa ncha ya waya. "Hapa, shubiri moja tu kutoka hapo, ni fyuzi. Ndipo waya unaenda zake nyuma kwenye amplifaya. Betri, kisha fyuzi. Baada ya betri ni *hapa*! Sikusema baada ya kununua betri."

Mwalimu alitazama kile kidole cha fundi juu ya waya.

"Na pale waya unapopita kwenye lile bati la injini kuingia ndani, uliweka mpira?"

"Niliviringisha selotepu."

Kishindo akafumba macho.

Mtu asimcheke Mwalimu upesi. Kwa miaka thelathini alifundisha lugha, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kusahihisha. Alisahihisha matangazo ya misiba, alisahihisha risiti, siku moja alimsahihisha daktari aliyekuwa anamweleza ana shinikizo la damu. Basi alipoamua kufunga sabufa, alinunua daftari, akaandika maswali yake kwa namba, akamwendea Kishindo kama mtu anayekwenda kusimamia mtihani. Swali la pili: spika ya inchi kumi au kumi na mbili? Swali la tatu: boksi lililozibwa au lenye tundu? Kishindo alijibu kwa moyo wote. Akamweleza kwamba boksi lililozibwa besi yake imetulia, na lenye tundu hupiga kelele zaidi lakini hula nafasi ya buti. Tatizo ni kwamba kila akifungua mdomo, Mwalimu alimkata.

"Amplifaya inapataga joto sana, kwa hiyo..."

"Hupata. *Hupata* joto."

Walipofika swali la sita fundi alikuwa amechoka. Akawa anajibu kwa maneno mawili matatu, kama anayelipia kila neno. Je, betri hii ya zamani itatosha? "Kwa sasa. Baadaye weka kubwa." Swali la saba: fyuzi je? "Baada ya betri." Mwalimu akaandika hivyo hivyo kwa mwandiko wake mzuri, akapiga mstari chini, akaenda nyumbani ameridhika. Yeye, aliyewahi kuwachapia wanafunzi kurasa mbili nzima kuhusu neno "baada", mahali na wakati, alilisoma neno hilo akaliona la wakati.

Swali la kwanza hakumwonyesha Kishindo. Lilikuwa limeandikwa kwa penseli: *Je, mtu asiyesikia anaweza kuisikia?*

Mkewe alikuwa amepoteza masikio kidogo kidogo, kwa miaka miwili, baada ya homa moja mbaya. Sauti nyembamba zilimkimbia kwanza: ndege, kengele ya mlango, mluzi wa birika. Kisha sauti za watu. Kifaa cha sikioni kilimpa makelele tu, akakitia kwenye droo ya vijiko. Alijifunza kusoma midomo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha, alisema sasa ana bahati, akichoka kumsikiliza mumewe anafumba macho. Lakini siku moja Mwalimu alimkuta ameweka kiganja ukutani huku lori linapita nje, ameinamisha kichwa, anatabasamu peke yake. Mwanamke huyo zamani alikuwa akicheza dansi mpaka viatu vinamkimbia. Mwalimu alirudi chumbani, akaketi kitandani akalia kidogo, kisha akaenda kununua daftari.

Aliwaambia watu sabufa ni yake, ya kujiburudisha uzeeni. Walimcheka mpaka wakachoka. Naye hakutaka fundi yeyote aishike ile kazi. Alitaka iwe ya mikono yake.

Sasa mikono hiyo ilikuwa imeshika simu bila kuibonyeza.

"Piga basi!" Kishindo akasema.

"Hasikii! Nimekwambia hasikii, na muziki umefunguliwa mpaka mwisho!"

"Basi andika."

Akaandika. *Simama. Zima gari. Tokeni nje. Mtoto kwanza.* Alipoituma ndipo alipokumbuka sheria aliyoiweka mwenyewe, aliyoirudia kila mkewe aliposhika ufunguo, kidole kikiwa hewani: ukiwa barabarani, simu usiiguse mpaka usimame. Mkewe alikuwa akimwigiza kile kidole na kucheka, lakini sheria aliifuata. Safari ilikuwa ya saa nzima, bila kituo.

"Huenda kisitokee kitu," Kishindo alisema, huku tayari anavuta pikipiki yake kutoka uani. "Waya unaweza kukaa mwaka mzima bila kuchunika."

"Na ukichunika?"

Fundi alikuwa mtu mkweli, kwa bahati mbaya. "Ukigusa bati, nguvu yote ya betri inamwagika hapo. Fyuzi ndiyo ingekata. Kama haipo, waya unawaka kama koili ya jiko, kuanzia mbele mpaka nyuma. Uliupitisha wapi?"

Mwalimu alipanda nyuma, akamshika fundi kiunoni. Hakujibu mpaka walipokuwa barabarani, na hata hapo alilazimika kupiga kelele dhidi ya upepo.

"Chini ya zulia! Chini ya kiti cha mtoto!"

Alikuwa ameulaza pale kwa ustadi, akalirudisha zulia, akalikanyagakanyaga mpaka lisionyeshe kovu. Alijisifu kwa hilo. Na juu ya kovu hilo sasa alikuwa amefungwa mkanda mjukuu wa miaka minne, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi kwa sababu ya amri zake, na mkanda wenyewe Bosi hakuweza kuufungua bila msaada. Mwalimu ndiye aliyemfunga. Alimbusu kwenye paji la uso, akajaribu kufuli mara mbili, akasema, sasa hata ukitaka hutoki.

Maneno hayo yalimrudia njia nzima. Aliogopa namna ambayo hakuwahi kuogopa maishani, hata siku alipopasuliwa tumbo hospitalini. Kila gari la kijivu lililotokea mbele lilimpa matumaini, na kila walipolifikia lilikuwa la mtu mwingine. Mahali fulani waliona moshi mweusi nyuma ya nyumba, Mwalimu akapiga ukelele kwenye sikio la Kishindo hadi pikipiki ikayumba. Kumbe watu walikuwa wanachoma takataka.

Simu ikatetemeka mfukoni. Aliitoa kwa mkono mmoja, akiiegemeza kwenye mgongo wa fundi. Hakukuwa na jibu. Ilikuwa ni taarifa tu ya simu: ujumbe umesomwa.

"Amesoma!" akapiga kelele. "Kishindo, amesoma!"

"Haya! Anasemaje?"

Mwalimu akaandika, *Mko nje?* Ujumbe haukufika. Akapiga, akijua hatasikia, ili tu iite. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikamwambia kwa upole kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa.

Alipiga tena, na tena. Yule mwanamke hakuchoka.

Kilomita kumi mbele magari yalikuwa yamesimama foleni. Kishindo alipita pembeni, tairi likirusha changarawe, na walipozunguka kona wakaliona. Lilikuwa limepandishwa nusu kwenye ukingo wa barabara. Milango ilikuwa wazi. Boneti lilikuwa jeusi, vioo vimepasuka, na kiti cha nyuma hakikuwa tena kiti, kilikuwa vyuma. Mwenye lori mmoja alikuwa anamalizia mtungi wake wa kuzimia moto, unga mweupe ukianguka juu ya kila kitu. Watu wengi walikuwa wamesimama na simu mkononi, wanapiga picha.

Mwalimu aliruka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka, akainuka na goti linalovuja damu.

"Kulikuwa na watu ndani? Kulikuwa na mtoto?"

Watu walitazamana. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayejua. Mwalimu aliingiza kichwa kwenye ule mlango wa nyuma, joto likamchoma uso, akaona kufuli ya mkanda. Ilikuwa imeyeyuka. Hakuweza kujua kama iliyeyuka ikiwa imefungwa au imefunguliwa. Aliikodolea macho, yeye aliyesomesha watu kusoma, akashindwa kuisoma.

"Mwalimu!" Kishindo alikuwa anamwita kutoka ng'ambo ya barabara. "Mwalimu, huku!"

Walikuwa kwenye banda la mtu anayeziba pancha. Mkewe alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, kilemba kimemwanguka, Bosi mapajani mwake na kiatu kimoja. Mwalimu aliwaona, akaketi chini katikati ya njia kama mtu aliyefika nyumbani. Kishindo ndiye aliyemnyanyua kwa makwapa na kumfikisha.

"Mgongo ulinyamaza," mkewe alisema. Alisema kwa sauti kubwa, kama alivyosema kila kitu siku hizi. "Njia nzima ulikuwa unanitetemeka hapa, mpaka kwenye mbavu. Nilikuwa nalia huku naendesha, Mwalimu. Ni wimbo wetu ule. Mara pu, kimya. Nikasema, huyu mzee na ufundi wake, si nilijua. Nikasimama nikuandikie nikucheke. Nashika simu, nakuta umeniambia nimtoe mtoto." Akamvuta mtoto karibu. "Namfungua mkanda, moshi unatoka chini ya kiti chake. Simu niliitupa huko huko."

Alimtazama mumewe midomoni, akasubiri.

"Ulijuaje?"

Mwalimu alifungua mdomo. Midomo ilikuwa inamtetemeka vibaya mno, haikusomeka. Mkewe alikunja uso, akasogea. "Sikuoni. Sema tena. Ulijuaje kabla yangu?"

Angeweza kudanganya, na mdomo wenyewe ulikuwa umemfichia siri. Kishindo alikuwa ameinamisha kichwa, anajifanya anatazama pampu ya upepo. Mwalimu akatia mkono mfukoni, akatoa ile pakiti, akaiweka kwenye kiganja cha mkewe.

Mkewe akaipasua kwa meno. Akaitoa fyuzi, akaigeuza, kitu cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Alikuwa amekaa na maswali yale mezani wiki nzima, akimsikia kwa macho mumewe akijisomea, fyuzi, fyuzi, baada ya betri. Akatazama gari. Akamtazama Bosi, mguu wenye kiatu, mguu usio na kiatu.

"Kadogo hivi?" akasema, na watu wote waliokuwa bandani wakageuka.

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Mkewe akaifumba fyuzi kiganjani, akampakata mtoto vizuri zaidi, akageuka juu ya lile tairi akampa mumewe mgongo. Kwa watu wengine hiyo ingekuwa hasira tu. Kwao wawili ilikuwa ni mlango uliofungwa, maana asipoiona midomo hakuna neno linaloweza kumfikia.

Mwalimu alisogea nyuma yake. Kisha akapiga magoti, lile zima na lile linalovuja, akaweka mdomo wake katikati ya mabega ya mkewe, juu ya gauni lenye harufu ya moshi. Akatafuta kifuani sauti nzito kuliko zote alizokuwa nazo.

"Nisamehe," akasema.

Mgongo haukusogea. Akavuta pumzi, akashusha sauti chini zaidi, mpaka meno yake mwenyewe yakahisi.

"Nisamehe."

Bosi alichungulia juu ya bega la bibi yake, akaona kipara cha babu. Akamshika bibi mashavu kwa mikono yote miwili, akamgeuzia uso kwake ili amwone vizuri anavyosema, kama alivyofundishwa.

"Bibi, Babu anaongea na mgongo wako."

"Namsikia," bibi akasema. Hakugeuka.