Kimya cha Ariane

Ukoo wa marehemu mumewe una sheria moja ambayo Vestine hajawahi kuipenda: binti akiulizwa kama anamtaka mwanamume, akanyamaza, basi amekubali. Baba mdogo hunywa kinywaji cha wageni mbele ya watu, na neno limekwisha. Hakuna wa kulifufua tena.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo mchana, sebuleni kwake mtaani Yeoville, macho yake hayakubanduka kwenye kompyuta iliyowekwa juu ya meza. Ndani yake alikuwa bintiye Ariane, aliyeko Antaktika, anakopima jinsi hewa ya huko inavyosumbua mawimbi ya setilaiti. Kwenye kochi alikaa mposaji, François, muuza spea za magari, pamoja na ndugu zake waliovaa suti kana kwamba wameshashinda kesi.

Juvénal, mdogo wa marehemu, akakohoa. "Binti yetu, huyu François unamtaka?"

Ariane akafungua mdomo kidogo, kama anayetaka kutabasamu, na picha ikaganda hapo hapo. Sauti nayo ikapotea. Wakangoja mpaka chai ikaanza kupoa.

"Amenyamaza," Juvénal akasema, akinyoosha mkono kwenye chupa ya bia. "Tena anacheka. Kunyamaza ni kukubali."

Vestine akaiziba chupa kwa kiganja. Safari hii hakuimeza hasira yake.

"Hajanyamaza, shemeji. Ni theluji hiyo."

"Theluji imefanya nini?"

"Setilaiti kwao haikai utosini. Iko chini kabisa, kama jua linapotaka kuzama. Mawimbi yanakuja kwa mshazari, yanapita kwenye hewa nyingi mno. Na hayo ya masafa ya juu, yanayobeba picha, hewa ikitibuka yanatetemeka, theluji ya majimaji ikianguka yanakufa njiani."

"Mama Ariane, tangu lini wewe umekuwa injinia?"

"Mimi mshonaji, na aliyeniambia ni injinia niliyemzaa. Huyo mtoto tangu azaliwe hajawahi kufunga mdomo muda wote huu."

François akajitia upole. "Eish, mama, angekuwa hataki si angeshasema?"

"Pengine ameshasema! Subirini. Akikutaka, nitakunywa mimi wa kwanza. Lakini hali ya hewa haitaniozeshea mtoto, na wewe shemeji hutamwoza kwa picha iliyoganda."

Juvénal akavuta chupa. Vestine akaivuta kwake. Wageni wakatazama zulia.

Ndipo simu ikalia kwenye mfuko wa gauni lake, namba ndefu asiyoijua. Ariane alikuwa amekimbilia simu ya setilaiti ya zamani pale kituoni, inayotumia masafa ya chini. Hiyo haiwezi kubeba picha, ila theluji haiipi shida. Vestine akapokea, akaiweka simu yake mezani kwa spika, kila mtu asikie.

"Mama! Mmenisikia?"

"Hatujasikia hata neno. Baba yako mdogo yuko hapa."

"Nimesema hapana! Na nimewaeleza sababu zote, moja moja!"

François akainuka, akafunga kifungo cha koti. "Sawa, mama. Imetosha."

"Kaa," Vestine akamwambia. Akaongeza sauti ya simu hadi mwisho, akavuta kiti, akaketi.

"Haya, mwanangu. Anza upya."